Mlango wa Nyuma wa Nyumba ya Juja

Ukitoka Ruiru kwa baipasi ya mashariki, ukapita Kamakis na majiko yake ya nyama choma, tazama nyuma ya maghorofa mapya na yadi za magari. Bado kuna miti mikubwa iliyosimama kwa mstari: mijakaranda, mikaratusi, na migrevilea ambayo wenyeji huiita mikima. Mti wa porini haujipangi. Mstari huo ulipandwa kando ya njia ya kuingilia shamba, na mwisho wa njia palikuwa na nyumba ya mwenye shamba. Mara nyingi nyumba imeshabomolewa, njia imekatwakatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100, na miti ndiyo pekee iliyobaki kuonyesha mahali mzungu alipokuwa akishuka farasi wake.

Nchi yote hii, kuanzia Ruiru hadi Thika na kuvuka hadi Kilimambogo, ilijaa nyumba za namna hiyo katika miaka arobaini ya kwanza ya karne iliyopita. Walioziandika waliingia kwa mlango wa mbele. Wakaeleza veranda, bustani ya maua, bunduki ukutani na wageni mashuhuri waliolala hapo. Mimi naamini husomeka vizuri zaidi kwa mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Huko ndiko zilikoendeshwa kila siku, na huko ndiko babu na nyanya zetu walikoingilia. Katika sura hii nitachukua nyumba moja iwe mfano, ile ya William Northrup McMillan pale Juja, kisha tuifuate pesa yake hadi ilikoishia, katikati ya Nairobi.

McMillan hakuzaliwa Mwingereza. Alizaliwa mwaka 1872 huko St. Louis, Marekani. Baba yake, mzaliwa wa Kanada, alitajirika kwa kutengeneza mabehewa ya reli; kampuni yake iliunganishwa na nyingine mwaka 1899 na kuwa American Car and Foundry, mojawapo ya viwanda vikubwa vya mabehewa nchini humo. Baba alipofariki mwaka 1901, mwana alibaki na mali nyingi na hamu ya kutembea dunia. Mwaka 1903 alijaribu kuteremka mto Nile ya Buluu kwa mashua, safari iliyoishia kwa mashua kuvunjika kwenye maporomoko. Mwaka uliofuata alikuwa Nairobi. Alichukua maelfu ya ekari kati ya Ruiru na mlima Ol Donyo Sabuk, ambao sisi huuita Kilimambogo. Baadaye alichukua uraia wa Uingereza, akaingia Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1918, baada ya kupigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akapewa cheo cha Sir.

Ni vyema kukumbuka jinsi ardhi yenyewe ilivyopatikana. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na serikali ya Uingereza ilitaka ijilipe. Ikaamua kuleta walowezi walime mazao ya kusafirisha. Sheria ya Ardhi za Kifalme ya mwaka 1902 ndiyo iliyowapa maofisa uwezo wa kugawa ardhi ambayo kwenye karatasi zao haikuwa na mwenyewe. Upande wa Kiambu, Wakikuyu walikuwa na ithaka zao, ardhi za ukoo zenye mipaka iliyojulikana mti kwa mti na kijito kwa kijito. Kule tambarare za Athi walichunga Wamaasai, na Wakamba walikaa kuuzunguka mlima. Mabehewa ya Marekani yalizaa pesa, na pesa ile ikasafiri kwa reli ya Mwingereza hadi kwenye malisho ya watu wengine.

Nyumba ya Juja ilisimama karibu na mahali mto Ruiru unapokutana na mto Nairobi. Maelezo yanayojulikana zaidi yaliandikwa na Theodore Roosevelt, aliyepita hapo mwaka 1909 akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, akiwinda pamoja na mwanawe Kermit kwa niaba ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Anaeleza nyumba ya orofa moja iliyozungukwa na veranda pana yenye kivuli cha mimea itambaayo. Anataja majengo mengi madogo ya kando, mifugo, mashamba ya mahindi, bustani ya mboga, na mbele ya nyumba bustani nzuri ya maua. Watunza bustani walikuwa Wakikuyu. Roosevelt aliwaita kwa neno la dharau, akaongeza kuwa hawakuwa wakitabasamu, wala hakutaja jina la hata mmoja. Sentensi ile ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza habari za mlango wa nyuma. Mtu aliyeandika jina la kila mnyama aliyempiga risasi alimpita binadamu aliyemtunzia maua.

Sasa tuitazame nyumba ya mlowezi kama fundi anavyoitazama, kuanzia chini.

Nyingi za mwanzo hazikukaa juu ya ardhi moja kwa moja. Ziliinuliwa kwa nguzo fupi za mbao au mawe, futi mbili au tatu, na juu ya kila nguzo, kabla ya boriti ya sakafu, palikuwa na kofia ya bati iliyokunjwa ukingo kuelekea chini. Kofia hiyo ilikuwa ya mchwa. Mchwa hupanda kwa kujenga njia yake ya udongo, na akifika kwenye ukingo wa bati hushindwa kugeuka, au akigeuka njia yake huonekana na mtu akaifuta. Kuinua sakafu kulisaidia pia na udongo. Upande wa Ruiru ulioinuka udongo ni mwekundu na unapitisha maji, lakini ukiteremka kuelekea Athi unaingia kwenye udongo mweusi wa pamba, unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Wenye ploti za leo wanaujua vizuri. Ni huo unaowalazimu kuchimba msingi mrefu na kumwaga fedha chini kabla ya ukuta kuonekana.

Ukuta wa kwanza kwa kawaida ulikuwa wa mbao na mabati. Bati la mikunjo lilipewa hataza London mwaka 1829, kwa jina la Henry Robinson Palmer, mhandisi wa kampuni ya bandari; miaka michache baadaye zikapatikana njia za kulipaka zinki lisishike kutu. Lilipangana vizuri melini na kwenye behewa, lilibebeka na wapagazi, na mtu asiyejua ujenzi angeweza kulipigilia misumari. Nairobi yenyewe ilianza kama mji wa mabati. Umbo la nyumba, orofa moja yenye veranda kuzunguka, Waingereza walilichukua Bengal na kulibeba kila walikokwenda. Lilikuja pamoja na hofu zao: wakati ule waliamini kuwa jua la ikweta hudhuru uti wa mgongo, hata wengine walivaa kitambaa kizito mgongoni chini ya shati. Veranda ilijengwa kwanza kuwaficha wasiungue, ndipo ikawa mahali pa chai.

Kisha ikaja baridi, jambo ambalo Bengal haikuwafundisha. Ruiru na Thika ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huku si wa kuchezea. Kwa hiyo ndani ya nyumba iliyoundwa kukimbia jua utakuta meko kubwa ya mawe na bomba la moshi lililopenya paa la mabati. Hapo ndipo mvua ilipopenyea. Mabati hupanuka mchana na kunywea usiku, jiwe halitikisiki, na kile kiungo kati yao huachia. Katika nyumba nyingi za zamani nilizoingia, doa la maji darini liko karibu na bomba la moshi.

Walowezi walipopata faida walijenga kwa mawe, na mawe hayakuwa mbali. Jiwe la kijivu la Ndarugo, lililotokana na majivu ya volkano yaliyoshikamana, linachimbwa hadi leo upande wa Juja na kusafirishwa kwa malori usiku na mchana. Jiwe la leo hukatwa kwa mashine, na uso wake una mistari iliyonyooka ya msumeno. La zamani lilichongwa kwa nyundo na patasi. Ukiweka kiganja juu yake utahisi vishimo vidogo vilivyopangwa kwa mshazari, na ukitazama kwa makini utaona mahali fundi mmoja alipoishia na mwingine akaanza: mmoja alipiga mapigo mafupi yaliyosongamana, mwingine marefu yaliyoachana. Hati ya nyumba ina jina la mlowezi peke yake. Mikono ya waliochonga iko ukutani, nje, mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma.

Mafundi hao wengi mwanzoni walikuwa Wahindi, hasa Wapunjabi, waashi na maseremala waliokuja wakati wa reli au kuwafuata ndugu zao. Waliwachukua vijana wa Kikuyu na Kikamba kuwa wasaidizi, na wasaidizi wakajifunza. Mwiko, timazi, kamba ya kupimia, na ule ustadi wa kupanga jiwe la kona vilipita kutoka mkono hadi mkono. Ndiyo maana sikubali wanaosema majengo haya ni ya wazungu tu na hayatuhusu. Jasho lililochonga mawe yale ni la watu ambao wajukuu wao wangali wanajenga Kamakis.

Tuzunguke sasa hadi nyuma.

Jiko halikuwa ndani ya nyumba. Lilikuwa kibanda peke yake, hatua kumi hadi ishirini kutoka mlango wa nyuma, kwa sababu ya moto, moshi na harufu. Kati yake na chumba cha kulia palikuwa na njia, wakati mwingine yenye paa, mara nyingi bila. Kila sahani ya mchuzi iliyofika mezani ikiwa moto ilikimbizwa na mtu njiani, mvua ikinyesha au isinyeshe. Maji yalitoka mtoni kwa gari la ng'ombe au kichwani mwa wanawake, yakamiminwa kwenye pipa, yakachemshwa nje kwa kuni, kisha yakabebwa kwa madebe hadi kwenye beseni la kuogea. Debe hilo lilikuwa mkebe wa mafuta ya taa wa galoni nne, kama lita 18. Lilikuwa ndoo, chungu, kipimo cha mahindi na chombo cha kupandia miche. Likipasuliwa na kunyooshwa, likawa bati la paa la nyumba ya mfanyakazi. Ukitaka kujua nyumba kubwa ilitumia nguvu kiasi gani za watu, hesabu madebe ya maji ya kuoga ya wageni wanne kwa siku moja.

Mbali zaidi, kwa kawaida nyuma ya mstari wa miti ili visionekane kutoka veranda, vilikuwa vyumba vya wafanyakazi. Wanaume wazima walioishi humo waliitwa boi. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilifanya kuacha kazi bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Kodi ya kibanda ilidai fedha taslimu, na fedha hizo kwa watu wengi zilipatikana tu shambani kwa mlowezi. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita. Mwanamume Mwafrika alibeba karatasi hiyo ya utambulisho ndani ya kibweta cha chuma kilichoning'inia shingoni. Wakati huohuo kahawa, zao lililojenga nyumba nyingi za Ruiru, Mwafrika alizuiwa kulilima. Ilipofika miaka ya 1930 wachache waliruhusiwa kule Meru, Embu na Kisii, na mlango haukufunguka sawasawa hadi mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mtu aliweza kuchuma kahawa tangu ujana hadi mvi bila ruhusa ya kuwa na mche mmoja nyumbani kwake.

Hapa lazima nitaje nyumba nyingine ambayo wasomaji wa vitabu vya walowezi huipita haraka: duka la Mhindi. Ukitafuta nyumba ya mfanyabiashara hasa katika Ruiru na Thika za zamani, ndiyo hiyo. Duka mbele, veranda ya mabati juu ya kizingiti, cherehani ya fundi kwenye kivuli chake, vyumba vya familia nyuma, na ua wa ndani wenye kisima au tangi. Ardhi ya kilimo katika nyanda za juu haikuuzwa kwa Wahindi; mwaka 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni, alikubali utaratibu huo, na Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 ukauthibitisha. Kwa hiyo walibanwa mijini, kwenye ploti nyembamba, nao wakageuza ufinyu huo kuwa mtindo wa ujenzi. Mlowezi alikopa kwao unga, misumari na mabati hadi mavuno. Mwafrika aliuza kwao mahindi na kununua blanketi. Zile barabara za maduka ya zamani, zenye mwaka wa ujenzi uliochorwa kwa saruji juu ya paa la mbele, naziona zina thamani sawa na nyumba yoyote ya shambani. Na zinabomolewa upesi zaidi, kwa kuwa ploti ya mjini hailali.

McMillan hakutosheka na Juja. Alipata pia nyumba ya Chiromo kule Nairobi, iliyojengwa na Ewart Grogan, Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo na baadaye kwa biashara ya mbao na ardhi. Hadi leo wauzaji wa vipuri vya magari Nairobi hulitaja jina la Grogan kila siku, maana ndilo jina la mtaa wao. Chiromo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na nyumba ambayo mabwana wawili waliitumia kwa karamu imo ndani ya ua wa wanafunzi. Naona hilo ni jema. Nyumba inayotumika hupakwa rangi, hufagiliwa, na paa likivuja kuna mtu wa kulalamika.

McMillan alifariki mwaka 1925 huko Nice, Ufaransa. Alikuwa ametaka azikwe kwenye kilele cha Kilimambogo, mita 2,145. Inasimuliwa kuwa mashine iliyopanda na jeneza ilishindwa njiani, jambo lisiloshangaza kwa mlima ule na kwa mtu aliyejulikana kwa mwili mkubwa mno, wakamzika kwenye tambarare ya ubavuni. Mkewe, Lucie, alizikwa karibu naye mwaka 1957, na kaburi la mtumishi wao Louise Decker liko hapohapo. Tangu 1967 mlima ni hifadhi ya taifa, na wanaopanda hupita kando ya makaburi hayo. Ukisimama hapo siku isiyo na ukungu, mashamba yake yote ya zamani yako chini ya macho, hadi kwenye paa zinazong'aa za Juja na Ruiru.

Kumbukumbu yake kubwa zaidi, hata hivyo, ni jengo. Lady McMillan, akisaidiwa na fedha za mfuko wa Carnegie wa Marekani, alijenga maktaba katikati ya Nairobi, ikafunguliwa mwaka 1931. Usanifu wake hauna chembe ya Juja. Hakuna veranda ya mbao wala mimea itambaayo. Kuna ngazi pana, safu ya nguzo za mtindo wa Kigiriki wa kale na simba wawili wa mawe. Nyumba ya shambani ilijengwa kulihimili jua, mchwa na mvua. Maktaba ilijengwa ili anayepita barabarani aione. Na aliyepita akiwa Mwafrika aliishia kuiona kutoka nje: hadi mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu pekee. Mwaka 1962 baraza la jiji liliichukua, na leo, pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara, iko mikononi mwa umma. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likizikarabati maktaba hizo kwa ushirikiano na jiji. Kazi yao naiheshimu hasa kwa jambo moja: hawakuishia kwenye paa na sakafu. Waliuliza pia ni vitabu gani na picha gani zimehifadhiwa humo, na ni nani hayumo.

Swali hilohilo nataka liulizwe Kamakis kabla tingatinga halijafika. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa la kihistoria kupitia gazeti rasmi la serikali. Ni chombo kizuri, lakini hufika polepole, na nyumba nyingi za mashamba haya hazitafikiwa. Kahawa imeng'olewa. Tatu City imesimama juu ya yaliyokuwa mashamba ya kahawa, na maelfu ya familia zimepata mahali pa kuishi kando ya baipasi. Siwezi kumwambia mtu aliyeweka akiba miaka kumi kununua ploti asijenge kwa sababu ya nyumba ya mlowezi. Pale shamba lilipopata kazi mpya mambo yalikwenda vingine: shamba la Jacaranda hapa Ruiru likawa kituo cha utafiti wa kahawa, na kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilizaliwa hapo. Lakini si kila nyumba itapata bahati hiyo.

Kinachowezekana kwa wote ni kuandika. Kabla ya kubomoa, pimeni vyumba na mchore ramani, pamoja na jiko la nje na vyumba vya wafanyakazi, maana hivyo ndivyo huanguka kwanza. Pigeni picha chini ya paa, kwenye boriti. Chuma mara nyingi kina jina la kiwanda lililopigwa muhuri, kama Dorman Long wa Middlesbrough, na mbao zina alama za seremala, namba alizojiwekea ili ajue kipande kipi kinaingia wapi. Pigeni picha kona moja ya ukuta kwa karibu, jua likiwa upande, mapigo ya patasi yaonekane. Kisha mtafuteni mzee aliyefanya kazi hapo, au bintiye mpishi. Muulizeni nani alikuwa mpishi na alitoka kijiji gani, maji yalitekwa wapi, watoto walilala wapi, tikiti, ile karatasi ya kuhesabia siku 30 za kazi, ilijazwaje na bwana aliikata siku ngapi. Wengi wao wana zaidi ya miaka 80 sasa. Waendeeni mwaka huu.